Mfuko wa Mzee Alek

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, hunijia kila nikipita kando ya uwanja wa mpira, na leo nakuhadithia kwa sababu ya maneno uliyosema jana pale kwenu Quakers Hill. Umesema kocha wako ana jambo na wewe. Umemwona akinong'ona na msaidizi wake, kisha jina lako halimo kwenye kikosi, na sasa unataka kuacha timu. Haya, kaa. Najua utanijibu kwa Kiingereza, lakini Kiswahili unakisikia vizuri sana ukitaka.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikufichi. Nimelelewa na "kikulacho ki nguoni mwako". Nilipofika Sydney kijana, nikitokea Tanga, nilipata kazi ya kupakua makontena bandarini Port Botany na timu ya mtaani Lidcombe. Kocha wetu alikuwa Mskoti mzee, tukimwita Mzee Alek. Kwao alicheza mpira wa kulipwa, enzi za mipira ya ngozi iliyokuwa ikilowa mvua inakuwa mizito kama jiwe. Aliacha mapema, akawa meneja wa timu ndogo ndogo, akafukuzwa hapa, akafukuzwa pale, mwisho akapanda meli kuja huku. Zaidi ya hapo hasemi. Na Kiingereza chake, nusu nzima kilinipita.

Sasa sikiliza. Kila siku ya mechi yeye ndiye wa kwanza kufika, na hataki mtu akanyage uwanja mpaka amalize mambo yake. Anatembea peke yake, mfuko begani, anasema maneno chini chini. Mara anainama, anamimina kitu, anakanyaga kwa kisigino mara tatu. Mbele ya goli ndipo anapokawia. Loo! Mtu aliyecheza ligi ya mkoa kwetu hahitaji kuelezwa. Timu yangu ya Tanga ilikuwa na kamati ya ufundi, yaani ya uganga; tumewahi kuruka ukuta kuingia uwanjani, geti tukaliacha kwa kuogopa kilichofukiwa pale. Nikasema, kumbe na Wazungu wamo! Na kusema kweli nilifurahi, maana mganga alikuwa wa upande wetu.

Furaha iliisha aliponiweka benchi. Mechi ya kwanza nilinyamaza, ya pili nikanuna. Nafasi yangu ya winga ya kushoto akapewa Barasa, Mkenya aliyekuwa anasomea uuguzi, rafiki yangu ambaye kila Jumapili nilikuwa nakula kwake. Nikaanza kuunganisha mambo. Mbona mzee anakawia sana upande wa kushoto? Mbona akiniona anatazama miguu yangu, usoni hanitazami? Nikakata shauri: huyu kafukia nyota yangu pale pembeni. Nimwulize? Nani humwuliza mchawi?

Jumamosi hiyo ilikuwa nusu fainali. Nilimsubiri amalize mzunguko wake. Wenzangu walipokuwa wanavaa, nikaenda upande wa kushoto na bisibisi niliyotoka nayo kazini, nikachimba pale alipokanyaga. Nikakuta mchanga. Nikachimba zaidi, mchanga mtupu. Hata hapo, mwanangu, sikushtuka. Nilijiambia kaizika chini zaidi. Nikasikia watu wanakuja. Nikarudisha majani juu, nikapasawazisha kwa kiatu pasionekane.

Kipindi cha kwanza hakijaisha, Barasa akatoka mbio na mpira, mguu ukazama, akaanguka. Nilikuwa benchi na goti lake nililisikia. Wanasema mchimba shimo huingia mwenyewe. Si kila siku. Shimo nililichimba mimi, akaingia rafiki yangu.

Barasa hakucheza tena. Mzee Alek akasimama mbele ya timu nzima, akasema kosa ni lake, amezeeka, macho yake hayaoni tena mashimo. Akaiacha timu siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, udongo ungali kwenye kucha, kimya. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Wiki tatu sikulala vizuri. Mwisho nikaenda kwake, nyumba iliyokaribiana na reli, nikamweleza yote, uchawi na bisibisi. Hakunifokea. Alikunja suruali akanionyesha goti lenye kovu refu. Huko kwao aliingia kwenye shimo, uwanja mbovu, na mpira wake ukaishia hapo, akiwa na umri kama wangu. Tangu alipokuwa meneja, hakuna timu yake iliyocheza kwenye uwanja ambao hakuukagua kwa miguu yake na kuziba mashimo kwa mchanga wa mfuko ule, akiyahesabu chini chini. Na benchi? Aliona navuta mguu kwa kazi za bandarini. Alikuwa ananipumzisha.

"Ungeniuliza siku ya kwanza," akasema, "ningekupa mfuko uubebe wewe."

Akanituma kwa Barasa saa ile ile. Barasa alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Na kila Jumapili ulikuwa unakula kwangu." Akafungua mlango nitoke. Siku hizi tukikutana harusini hunipa mkono. Mkono tu, basi, na sidai zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii kocha wako ni malaika. Simjui, na mimi hata malaika ningemwomba kitambulisho. Wengine kushuku tumezaliwa nako. Lakini shuku yako ipeleke kwa mwenyewe, umtazame usoni, umwulize kabla hujaifanyia kazi. Kuuliza si ujinga. Akikujibu vibaya, iache timu yake, na mimi mwenyewe nitakuja na gari kukuchukua. Ila usianze kuchimbachimba kimya kimya, kwa sababu atakayeumia huenda asiwe yule unayemshuku.

Mwenyezi Mungu akupe ujasiri wa kuuliza na subira ya kusikia jibu. Akulinde wewe, na wenzako awalinde na shuku zako.