Wimbo wa Mfereji

Saa tisa na nusu alasiri, Jumamosi moja ya miaka ya hamsini, Fundi Mutua aliweka pasi ya makaa juu ya suruali mbichi, na harufu ya kitambaa kinachochemka ikajaa baraza lote. Fundi alikuwa Mkamba, mshonaji, na cherehani yake ilikaa River Road mbele ya duka la santuri lililopiga muziki kutwa kucha. Mama nami tulikuwa tumekaa kwenye gunia la vitambaa vyake tukimngoja Baba, aliyekuwa akipanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa nyumba ya pili. Baba alitoka na karatasi ambayo wino wake haujakauka, akaisoma kwa sauti. Muuza santuri mmoja wa mjini angetoa kikombe cha fedha kwa muziki bora uliosikika katika sinema walizoonyeshwa Waafrika mwaka ule. Ungekuwa wa ala au wa kuimbwa, kikombe kingekuwa kimoja. Mshindi angeandikwa jina katika santuri. Fundi aliinua pasi akamtazama Mama. "Mama Nekesa," akasema, akimwita kwa jina langu, "hicho kikombe ni chako."

Alikuwa na sababu. Tuliishi Spring Valley, katika chumba cha watumishi nyuma ya nyumba ya Mzungu ambaye Mama alimfulia nguo. Mdogo wangu Wafula alipoota meno alilia wiki nzima, na Mama, huku akifua, alimtungia wimbo. Aliutunga kwa lugha ya kwetu, Kibukusu, isipokuwa neno moja la Nairobi: mfereji, yaani bomba la maji la uani. Fungeni mfereji, alisema wimbo, mtoto amesinzia. Maji yakinyamaza naye atanyamaza. Nilikuwepo wimbo ukizaliwa, mstari kwa mstari, povu likiwa hadi viwiko vyake. Baadaye watu wa sinema walikuja kupiga picha za usafi wa nguo, wakamsikia, wakamwomba auimbie mashine ya kunasa sauti. Katika filamu yenyewe muziki mwingine wote ulikuwa tarumbeta na fidla za bendi, kazi ya kiongozi wake Mzungu. Filamu ilipoonyeshwa kwenye shuka jeupe uwanjani, watu hawakuondoka na tarumbeta. Waliondoka wakiimba mfereji.

Basi kwa Jumamosi mbili baraza la Fundi likawa mahakama. Karani Ezekieli, jamaa yetu aliyefanya kazi ofisini na kuvaa tai hata siku ya mapumziko, aliitetea bendi. "Tarumbeta zile zinabeba filamu yote," alisema. "Mama Nekesa ameimba kidogo tu, kama mtu anayepita njia. Tuzo ni ya kazi, si ya kupita njia." Fundi alicheka mpaka akadondosha pini. "Karani, wewe ulipigiwa tarumbeta ukalala uwanjani, tulikuona. Wimbo wa huyu mama ndio uliokuamsha!" Baba hakucheka. Alisema filamu ni kama ugali na mboga: mboga ni kidogo, lakini hakuna anayesifu ugali. Usiku ule nilimwona Mama akipiga pasi gauni lake la kanisani, nami nikajua anakitaka kikombe kile. Hakuwa ametaka kitu mbele yangu kabla ya hapo.

Siku ya tuzo tulikwenda sote ukumbini, na waamuzi walikuwa watatu. Mwenyekiti wao alikuwa Mzungu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, akakizungumza vizuri kuliko sisi sote, na hapo ndipo tulipoumia. Alimsimamisha Mama mbele ya ukumbi, akamuuliza kwa upole, "Wimbo huu ni wa nani?" Mama aliangalia sakafu. "Ni wetu," akajibu. Kwetu mtu mwenye adabu hajibu vingine. Nyumba ni yetu, ng'ombe ni wetu, hata mume wako, ukimtaja mbele za wakubwa, ni mzee wetu. Asemaye "changu" amejitenga na wenzake. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa akaandika. Kisha akautangazia ukumbi kwamba wimbo ni mzuri, lakini ni mali ya kabila, wa tangu jadi, hauna mtunzi wa kupewa tuzo.

Fundi Mutua aliruka kutoka kitini. "Bwana, wa jadi vipi? Unataja mfereji! Babu zao walikuwa na mfereji?" Mwenyekiti alitabasamu. Mfereji, alisema, ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, na Waafrika wamechimba mifereji tangu kale. Fundi alishika kichwa. "Si huo! Mfereji wa chuma, bwana, ule wa kuzungusha kwa mkono!" Ukumbi ukacheka, na Karani Ezekieli naye akacheka. Kikombe kikaenda kwa kiongozi wa bendi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema kwao ni kwa nani.

Tulirudi kwa miguu kupitia Westlands, ambako wakati ule kulikuwa na maduka machache na miti mingi. "Ungesema wangu," Baba alisema. "Neno moja tu." Mama alijibu bila kugeuka, "Na ningekuwa mtu gani, Baba Nekesa?" "Mtu mwenye kikombe." Tangu siku ile Mama alifua kimya. Wafula alikua bila kuimbiwa tena, na dada yetu aliyezaliwa nyuma yake hakuimbiwa hata mara moja.

Sasa pale Westlands pana majumba ya ofisi, na vijana wa kazini kwangu hubishana kila mwaka ni muziki wa filamu gani uliostahili tuzo kubwa za ng'ambo. Mimi huwasikiliza. Nimejisomea sheria za hakimiliki kwa miaka mingi, kitabu baada ya kitabu, na nimeelewa kwamba sheria haina mahali pa kuweka neno "wetu". Mwaka jana binti yangu alileta kitabu cha nyimbo kutoka shuleni. Wimbo wa Mama umo, mtunzi hajulikani, na pembeni wamechora wanawake wakichimba handaki la maji kwa majembe. Nilimweleza mwalimu. Akaniambia kwa heshima kwamba kila familia hudai hivyo. Mama hakuwahi kukiona kitabu hicho. Alikuwa amekwisha kufa. Siku ile alipouimbia mashine, watu wa sinema walimpa ujira wake mkononi, na tangu hapo hadi kaburini wimbo haukumletea kitu kingine ila ujira huo: shilingi mbili na senti hamsini.