Bi Kivuli na Dakika Mbili za Klarineti

Watu walilia, jamani! Ukumbi mzima! Dakika mbili tu, piano na klarineti, ile zumari nyeusi ya kizungu, peke yao, na mzee mmoja wa viti vya mbele, aliyeburutwa pale na mkewe, akatoa leso akapenga kamasi kama tarumbeta! Aliyewaliza ni Bi Kivuli. Shikeni hilo kwanza, maana yaliyobaki ni majonzi matupu.

Konserto, kwa asiyejua, ni ala moja, hapa piano, ikishindana na okestra nzima, kundi zima la wapiga ala. Zile za zamani zenye mahaba na vilio ndizo kiboko. Mpiga piano awavute watu sitini anakotaka yeye, awaachie, halafu awanyang'anye tena. Akiwaonea haya, kwisha habari.

Sasa Bi Kivuli, miaka ishirini na sita pale chuo cha muziki, alikaa piano ya pili, akipiga sehemu ya okestra ili wanafunzi wafanye mazoezi. Mwanafunzi akikimbia, naye anakimbia. Mwanafunzi akiruka ukurasa mzima, anamkuta huko huko. Ndiyo maana wakamwita Kivuli.

Wiki mbili kabla ya onyesho la konserto, mpiga piano mgeni aliyealikwa akavunjika mkono. Kiongozi wa okestra akamwita.

"Mama, konserto hii unaijua?"

"Kuliko njia ya kwetu."

"Basi kaa piano ya kwanza. Ukiipatia, maonyesho ya msimu mzima ni yako."

Alitoka ofisini hajui anakanyaga wapi.

Siku yenyewe mdogo wake alikuwa anampigia gauni pasi.

"Dada, leo usimsubiri mtu. Umezoea kusubiri. Hata mchumba ulimsubiri mpaka akaoa kwingine."

"Piga pasi wewe, acha umbea!"

Sehemu ya kwanza ya konserto ilipita, kwa kuchechemea. Ya pili, klarineti ikaanza kuimba na piano ikawa kazi yake kuisindikiza. Hapo Bi Kivuli alikuwa nyumbani. Klarineti ikivuta pumzi, vidole vyake navyo vinavuta pumzi. Ndipo leso zikatoka.

Sehemu ya mwisho, okestra inanyamaza na piano inatakiwa ivamie. Kiongozi akainua kijiti, akamtazama. Bi Kivuli akainua mikono, akamtazama. Yeye anamsubiri huyu, huyu anamsubiri yeye. Mtu akakohoa. Kuja kuanza, kiongozi akapunguza mwendo ili amfuate, Bi Kivuli akasikia mwendo umepungua, naye akapunguza. Kama watu wawili mlangoni, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe, mpaka muziki wote ukalala chali. Makofi yalikuwa ya huruma.

Nyuma ya jukwaa kiongozi alishindwa kumtazama usoni.

"Mama, zile dakika mbili sijawahi kusikia kitu kama kile."

"Na msimu?"

"Nitatafuta mwingine. Nisamehe."

Nyumbani mdogo wake alijaribu kumpooza. "Lakini dada, watu walilia!"

"Klarineti ndiyo iliyowaliza. Mimi nilikuwa nyuma yake."

Chuoni ameacha. Piano ya sebuleni imefunikwa shuka, na juu yake kumewekwa nguo zisizokunjwa. Mdogo wake alizirekodi zile dakika mbili kwa simu. Kila akitaka kuziwasha, Bi Kivuli anatoka nje.

Tafadhali, ukimaliza kusoma, mtumie na mwenzako asome.