Mikono Kwanza, Swichi Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, Mnyapara wa Karakana hakuniuliza cheti wala nilikosoma. Aliniambia, "Lete mikono." Nikaitoa kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha paredi. Akaigeuza huku na huku, akahesabu vidole vyangu kwa sauti mpaka vikatimia kumi, kisha akaniwekea vyake mbele ya macho. Yeye alikuwa na saba.

"Umeviona?" akasema. "Siku ukiondoka hapa nitavihesabu tena. Kikipungua kimoja, maumivu yako, aibu yangu."

Hiyo ilikuwa Mazinde, katika karakana ya shamba la mkonge. Kazi yetu ilikuwa mipini ya majembe, mabodi ya matela na milango ya nyumba za wafanyakazi. Vijana mnaosoma haya mmezoea kila mashine kuwa na mota yake. Sisi tulikuwa na shafti moja, yaani chuma kirefu kinachozunguka, iliyopita juu ya vichwa vyetu toka ukuta hadi ukuta. Mikanda ya ngozi ilishuka kutoka hapo kwenda kwenye msumeno wa mviringo, kwenye randa ya mashine na kwenye jiwe la kunolea. Mtu akivuta wenzo wa kuwashia upande huu, msumeno wa upande ule nao unaamka, na aliyeinama pale kufagia unga wa mbao hana habari.

Kwa hiyo Mnyapara alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuvuta wenzo alipaza sauti: "Mikono!" Kila aliyekuwa ndani ya karakana, fundi au mfagiaji, aliinua mikono yote miwili juu. Yeye alipitisha macho kwenye viganja, kimoja kimoja, bila haraka. Asiyeinua, shafti haizunguki.

Niliwahi kumuuliza kwa nini haitazami mashine yenyewe.

"Mashine ina mtoto nyumbani?" akanijibu. "Mimi natazama mikono."

Watu hupenda kusema ajali haina kinga. Wanaosema hivyo hawakufanya kazi na Mnyapara wangu. Mshambaa yule wa milimani, mfupi, mkali kama pilipili, alinilea kikazi mpaka siku nilipopata nafasi kwenye kiwanda cha mbao Handeni. Nilipokwenda kumuaga hakunipa mawaidha. Alishika mikono yangu, akahesabu, akasema, "Kumi. Nenda."

Handeni nilifanywa Msimamizi wa Zamu, na desturi ile nikaenda nayo. Mbao zilikuwa mninga na mvule, magogo makubwa, na msumeno wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Wenzangu walinicheka mwanzoni, wakaniita Bwana Mikono. Sikujali. Siku moja Meneja wa Kiwanda alileta wageni. Nikapaza sauti, watu wakainua, yeye akabaki ameshika kikombe chake cha chai.

"Mhando," akasema, "unataka nisalimu amri mbele ya msumeno?"

"Ndiyo, Bwana Meneja. Msumeno haujui cheo."

Akainua mkono mmoja, huku wageni wakitabasamu. Nikasubiri. Nilijua naweza kufukuzwa, na kazi wakati ule haikuokotwa njiani.

"Na wa pili, Bwana Meneja."

Akamkabidhi mgeni kikombe, akainua. Hakuniita ofisini, na tangu siku ile hakuna aliyenicheka tena.

Nyumbani nako kulikuwa na ukaguzi. Mke wangu, Mama Mwajabu, kila niliporudi alitazama mikono yangu kabla ya kuitikia salamu. Alitazama, ndipo akasema karibu. Nilimaliza Handeni, nikahamia karakana ya wilaya hapa Korogwe, chini ya Mhandisi aliyependa madawati ya shule yatoke kwa wakati na mengine Mungu atajua, na siku zote hizo mama huyu aliniangalia viganja. Nilipostaafu nilimwambia, "Mama, kumi vimerudi." Akalia. Sikujua mpaka siku ile ni hofu kiasi gani alikuwa ameibeba.

Basi mtaelewa nyumba yetu ilivyokuwa siku Mwajabu, binti yetu wa pekee, alipoleta mashine.

Mwajabu ni seremala. Alisomea chuo cha ufundi, anatengeneza milango na makabati, na ana mkono mzuri; nasema hivyo si kwa sababu ni wangu. Hapa kwetu Old Korogwe nina banda nililolijenga kwa ajili ya gari. Gari halikuja, nami nimeacha kulisubiri. Akaniomba banda, nikampa. Makasha yakaja na lori kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na reli za chuma, mota ndogo ndogo, waya kama utumbo wa mbuzi, na mota moja kubwa ya kushikilia kisu. Ilikuwa mashine ya CNC.

Kwa ambaye hajaiona: ni meza, na juu ya meza kuna daraja la chuma linalotembea kwenye reli. Darajani imefungwa ile mota kubwa, na chini yake kisu chembamba kama kidole cha mwisho, kinachozunguka mpaka hukioni. Unachora ua au herufi kwenye kompyuta, kompyuta inaiambia mota iende wapi na ishuke kiasi gani, na kisu kinachonga peke yake. Hakuna anayekishika.

"Peke yake?" Mama Mwajabu akauliza.

"Peke yake, mama."

"Basi sikia, Mwajabu. Baba yako nimemtazama mikono toka ujana mpaka mvi. Wewe usiniletee jikoni kiganja kilichofungwa kanga. Ukiniletea, mashine hiyo naitupa mtoni Pangani kwa mikono yangu."

Hakuwa anatania. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa upande wake. Nilikaa bandani tangu siku ya kwanza ili kumlinda binti yangu.

Kuifunga kulituchosha. Sakafu ya banda ilikuwa na mwinuko kidogo upande wa mlango, tukaweka vipande vya bati chini ya miguu ya meza mpaka kipovu cha pima maji kikatulia katikati. Tukamwita fundi umeme avute waya wa ethi, ule wa kukinga na shoti, mpaka ardhini, kwa sababu nilikataa katakata mashine iguswe kabla ya hapo. Siku ya kuijaribu, Mwajabu aliliamuru daraja lije mbele polepole. Mguu mmoja wa daraja ukaja mbele, mwingine ukarudi nyuma. Daraja lote likapinda na kulia kwa mlio wa meno kusaga mchanga. Akapiga kitufe chekundu, kile cha dharura, kila kitu kikafa.

"Nimegeuza waya za mota moja," akasema, jasho linamtoka.

Niliona vidole vyake vinatetemeka wakati anarekebisha. Nilitaka kumwambia airudishe mashine ilikotoka. Sikusema, kwa kuwa nilikumbuka nami niliwahi kutetemeka mbele ya wenzo wa Mazinde na hakuna aliyenirudisha nyumbani.

Kazi ya kwanza ilikuwa mlango wa nyumba moja kule Handeni, wenye ua kubwa katikati. Kwa mlango huo nilimpa Mwajabu ubao wangu wa mvule. Niliupata kiwandani miaka ile, mpana, hauna fundo hata moja, nikauhifadhi juu ya dari hata nikiwa sina kitanda cha maana. Siku hizi ubao wa namna ile hupati, hata ukiulizia mpaka Kilindi.

Mwajabu aliubana mezani kwa vibanio pembeni. Kisha akatafuta sifuri, yaani pale kisu kinapogusa uso wa mbao, ili kompyuta ijue inaanzia wapi. Aliweka kipande cha karatasi juu ya mvule, akashusha kisu taratibu huku anaivuta karatasi, mpaka karatasi ikaanza kung'ang'ania. Hapo ndipo sifuri. Halafu akaichongesha hewa kwanza: kisu kikazunguka juu ya ubao bila kuugusa, kikapita njia yote ya ua ili tuone hakigongi kibanio. Nilipenda ule uangalifu, ingawa sikumwambia.

"Baba," akasema kabla ya kuanza, "kitu kimoja. Nikipiga kitufe chekundu katikati ya kazi, daraja linapoteza mahali lilipokuwa. Ua haliendelei tena. Ubao unakuwa umeharibika."

"Basi usikipige," nikamwambia. "Ubao huo hauna ndugu."

Akawasha. Kisu kikaingia kwenye mvule, harufu ile ninayoijua ikajaa bandani, unga wa kahawia ukaanza kurundikana. Mimi nilisimama upande mmoja wa meza, yeye upande wa pili, mkono karibu na kitufe. Nilikuwa namtazama asije akasogea. Kila alipopumua kwa nguvu nilishtuka. Petali la kwanza likatoka, la pili likatoka, safi kuliko patasi yangu ya ujanani.

Kisha sauti ikabadilika. Kisu kikanyanyuka kutoka kwenye mbao, ule mngurumo wa kukata ukashuka ukawa mvumo mwepesi, na daraja likaenda zake upande wa mbali wa meza. Katika mashine zote nilizofanya nazo kazi, mngurumo ukishuka maana yake ubao umemalizika. Ua lilikuwa mbele yangu limefunikwa na unga, na mimi nikataka kuliona.

Nikanyoosha mkono nikaanza kuufuta.

Msinicheke bado. Mazoea yana taabu. Maisha yangu yote kisu kilikaa mahali pamoja na mbao ndiyo iliyokwenda kwake. Ukijua kisu kilipo, umejua hatari ilipo, na kwingine kote mkono wako una amani. Nilikiona kisu kiko mbali, nikaamini. Katika mashine hii mbao ndiyo inayokaa, na kisu ndicho kinachotembea. Kilikuwa kimekwenda upande wa pili kuchukua ncha ya jani tu, na sasa kilikuwa kinarudi kwenye petali la tatu, mahali ambapo kiganja changu kilikuwa kimelala.

Sikukiona kinakuja. Nilichosikia ni kishindo cha kiganja cha Mwajabu juu ya kitufe, na "Baba!" moja ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu alipokuwa mdogo. Daraja likasimama kwa mshtuko. Kisu, ncha yake ikiwa imeshagusa mbao, kikaendelea kuzunguka kwa nguvu za mwisho, kikinung'unika, kikatulia. Kilikuwa karibu na kidole changu cha shahada kiasi kwamba niliusikia upepo wake kwenye ngozi.

Nikauondoa mkono. Nikakaa chini, sakafuni, kwenye unga.

Mwajabu alizunguka meza, akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili akaigeuza huku na huku. Alikuwa analia na kunigombeza kwa pamoja. "Baba! Baba wewe! Wewe wa kufanya hivyo?"

"Ubao," nikasema, maana akili ilikuwa imeshikwa na upumbavu.

"Ubao nini, baba!"

Nilipopata pumzi nilimuuliza ameonaje, kwa sababu mtu yeyote pale angekuwa anatazama kisu kinachochonga ua.

"Sikuwa natazama mashine," akasema. "Umenifundisha mwenyewe tangu nikiwa nafagia karakana ya wilaya likizo za shule. Nilikuwa natazama mikono yako."

Niliona aibu, na niliona fahari, na siwezi kusema ipi ilitangulia. Nilikuwa nimekaa bandani siku zote zile kumlinda mtoto, kumbe mtoto alikuwa ananilinda mimi.

Mvule ule umeharibika kweli. Una mapetali mawili mazuri na alama pale kisu kiliposimama. Mwajabu alitaka kuukata vipande vya stuli, nikakataa. Tumeutundika ukutani bandani, juu ya swichi. Wateja wakiuliza ni ua gani lile ambalo halikumalizika, anawaambia ni ua la baba.

Sasa vijana huniuliza kama mashine hizi mpya ni hatari kuliko za zamani. Siwezi kuwajibu kwa mkato. Ninachokijua ni kwamba hatari imehama, na mtu aliyezeeka akiijua ilipokuwa zamani huenda akawa wa mwisho kugundua imehamia wapi. Nilidhani nilistaafu siku Mhandisi aliponipa mkono wa kwaheri. Kustaafu kwenyewe, kule kukubali kwamba mwingine ndiye anayeangalia, kulinikuta kwenye sakafu ya banda langu.

Tulipata ubao mwingine, wa mninga, si mpana kama ule. Asubuhi ya kuuchonga, Mama Mwajabu alikuja na sinia la chai na mihogo. Tulikuwa tumemsimulia yote, na hakutupa mashine mtoni, ila alikuwa hajavuka kizingiti cha banda tangu siku ile. Alisimama mlangoni. Mwajabu akabana mninga, akatafuta sifuri kwa karatasi, akaichongesha hewa. Kidole chake kikaenda kwenye swichi, kikaishia hapo.

"Mikono!" akapaza sauti.

Nikainua yangu. Nyuma yangu nikasikia sinia linawekwa chini. Mama Mwajabu alikuwa ameingia ndani, naye ameinua yake. Mwajabu akavitazama viganja vyetu kimoja kimoja, bila haraka, na alipofika kwangu akahesabu kwa sauti, kidole kwa kidole.

"Kumi," akasema, ndipo akawasha.