Ndege wa Marcelina Asiye na Jicho

Delfina Chalí wa mji wa Comalapa hakujua kufuma. Mikono yake ilikuwa ya kompyuta. Mfumaji alikuwa mama yake, Marcelina, aliyekata roho mkanda wa kufumia, ule unaovuta nyuzi kutoka nguzoni, ukiwa kiunoni. Kitambaa chake, bado hakijaisha, kilibaki kimefungwa nguzoni pamoja na mkanda ule miaka mitatu. Delfina hakutaka kukikata. Kukikata ni kukubali kwamba mama kaondoka.

Ndege aliyefumwa kitambaani mle hakuwa na jicho. Marcelina alizoea kuweka jicho siku ya kukata nyuzi tu. "Akiona mapema ataruka na kazi yangu," alikuwa akisema.

Basi Delfina akamchora ndege yule kwenye kompyuta, akamtia ndani ya mraba, akapima mpaka mkia uliotokea kulia ukaingia kushoto pasipo kuonekana mshono. Akauamuru mraba ujirudie. Kioo kikajaa ndege, vipofu wote, nyuso zimemgeukia yeye.

Odilia, muuza blauzi za kuchapwa kwa mashine, akaja kuutazama mchoro.

"Shoga, hawa wamelogwa? Watie macho."

"Jicho huwekwa kitambaa kikiisha."

"Kiishe wapi? Cha mashine hiki, nikitaka kinafika Meksiko."

Delfina akaweka doti moja. Macho yote yakafunguka kwa pamoja. Nguzoni kitambaa kikatikisika, na madirisha yamefungwa. Akaifuta doti.

"Chukua vipofu, au acha."

Odilia alichukua, akinung'unika.

Siku ya soko ndege vipofu walimzunguka Delfina, vifuani na migongoni mwa watu, kama wanaomtafuta. Tránsito, kizee aliyekuwa rafiki wa mama yake, akamshika mkono. Yeye ndege wa blauzi yake walikuwa na macho, ya uzi mwekundu.

"Nimewashonea mwenyewe. Blauzi imekwisha, waone. Wewe wako je?"

"Bado, bibi."

"Bado nini? Umemfunga mama yako kiunoni miaka mitatu, halafu unashangaa nyumba haitulii. Hata mbuzi hufunguliwa."

Delfina alirudi nyumbani, akatunga uzi mwekundu sindanoni. Uliingia tunduni mara moja, kama uliosukumwa. Akamshonea ndege wa mama yake jicho polepole, kwa mkono usiojua. Likatoka kombo. Kisha akachukua mkasi, akakata nyuzi moja moja, mpaka mkanda ukaanguka chini.

Ndege hakumtazama yeye. Alitazama mlango.

Delfina akainuka, akaufungua.