Alama Elfu Mbili za Afande Nandutu

"Elfu mbili," Mastula, jirani wa mlango wa pili, alisema, akainua vidole viwili vilivyojaa unga wa chapati. "Na hajacheza hata mara moja. Sifuri. Mume wangu kaona kwa macho yake kwenye simu. Sasa niambie, Mama Nuriat, huo ni mtihani gani, unafaulu kabla hujaingia darasani?"

Hasifa alikuwa ameketi kizingitini kwake Walukuba, mjini Jinja, kwenye zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa viwanda zamani, akimnyonyesha mwanawe Nuriat. Aliyekuwa akisemwa ni jirani yake wa ukuta mmoja, Afande Nandutu, askari wa gereza, msichana wa Kigisu kutoka Mbale ambaye viatu vyake vinang'aa hata siku ya matope. Jioni akitoka kazini hugeuza ndoo, huweka ubao wa chesi juu yake, na hucheza peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto. Watu walishamzoea. Lakini wiki ile alikuwa amejiunga na mtandao wa chesi, ambako watu wa dunia nzima hushindana kwa simu. Mume wa Mastula ni mlinzi wa getini, naye hupitishia zamu zake kwenye mchezo huohuo. Ndiye aliyeliona jina, na alama elfu mbili pembeni yake.

"Mume wangu alianzia mia nane," Mastula aliendelea. "Mwaka mzima anapanda, anateleza, anapanda, kama mtu anayekwea mpapai wakati wa mvua. Huyu kaletewa mezani. Na mwanamke haletewi vitu mezani hivihivi. Kuna mkubwa kamshika mkono, na si mkono tu."

Akacheka, akatema mate pembeni. Hasifa aliona tone moja likitua kwenye ukingo wa beseni la unga. Akavuta kanga, akamfunika mtoto. Juu ya Nandutu alisema neno moja tu, kwa sababu Mastula alikuwa akimtazama akingoja.

"Labda."

Hakulisema kwa ubaya. Hasifa aliishia darasa la sita, na shuleni kwao aliwahi kumwona binti wa tajiri akiletewa majibu ya mtihani ndani ya mkate, karatasi imekunjwa katikati kama siagi. Binti yule alifaulu kuliko wote. Tangu siku hiyo Hasifa akisikia alama zimepatikana kirahisi, hunusa mkate. Lakini usiku ule Nuriat alipozaliwa, aliyembeba Hasifa mgongoni hadi barabarani kutafuta boda ni Nandutu, na koti la sare likaharibika. Ile "labda" ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake, wakianika nguo kamba moja, aliuliza.

"Afande, nikuulize kitu, usinichukie."

"Uliza."

"Hizo elfu mbili. Umezipataje kama hujacheza?"

Nandutu alibana kibanio kwenye mkono wa shati lake la kazi, pale penye V mbili za ukoplo. "Unaziona hizi? Nilizipata Mbale. Nilipohamishiwa Jinja, kuna mtu aliniambia nizivue, nianze kupiga deki na wale walioajiriwa juzi?"

"Hapana."

"Basi. Chesi nayo ina vyeo. Changu nilikipata kwenye mashindano ya kanda, siku nane, mtu mzima ameketi mbele yangu na saa inakimbia. Mtandao umeniomba picha, uso wangu, kitambulisho na karatasi yenye jina langu. Wamekagua siku nne. Mwenye cheo wanamwanzishia juu."

"Kwa nini wasimwanzishie chini apande kama wengine?"

"Atawameza wanaojifunza. Ni kama mimi niingie chekechea, ninyang'anye watoto uji wao, halafu nijiite bingwa." Alicheka kidogo. "Na usidhani ni zawadi, Mama Nuriat. Ni makadirio tu. Nikicheza ovyo zitaporomoka kuliko za mume wa Mastula. Huko juu sikutani na walinzi wa getini."

Hasifa akaelewa. Alielewa vizuri, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Akasema moyoni, nitamwambia Mastula. Siku ile hakumwambia, na ya pili hakumwambia, kwa kuwa Mastula ana maneno mengi, na Hasifa hakutaka kufukuzwa penye kikaango chake.

Jumamosi akaja mgeni kutoka Mbale. Ni mwalimu Conrad, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyemfundisha Nandutu chesi huko Nabuyonga tangu akiwa na sare ya shule. Alileta fungu la malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi. Mgisu akikuletea malewa amekuletea mlima wa kwao wote, na kuyakataa ni sawa na kumpa mama yake kisogo. Nandutu aliyapokea kwa mikono miwili, akayanusa, akafumba macho.

Walikaa barazani watatu, na Hasifa akatenga bakuli la karanga za kukaanga. Mwalimu alikula kwa namna yake. Analamba vidole vyote vitano, anavirudisha bakulini, anakoroga akitafuta zile kubwa. Hasifa akaacha kula.

"Mwanangu," mwalimu alimwambia Nandutu, "nimefurahi wamekupa nafasi yako huko juu. Mwezi ujao kuna mashindano ya wenye vyeo peke yao. Nina mtu wangu Nabuyonga, ana duka la mabati, mtu mwema. Atacheza kwa jina lako."

"Kwa jina langu?"

"Wewe utakuwa zamu gerezani. Utamwachia tu ile namba ya siri. Nawe hutasahauliwa."

"Kwani yeye hana jina?"

"Analo. Wamelifungia. Mara tatu sasa." Vidole vikarudi bakulini. "Wanamwonea. Alikuwa akiiuliza mashine ya kompyuta acheze nini, lakini kidogo tu. Pale anapokwama."

"Kidogo," Nandutu alisema.

"Kidogo sana. Wewe unafungua mlango, mwenzako anapita. Mlango unapungukiwa nini?"

Nandutu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na malewa. Akayaweka kwenye mapaja ya mwalimu taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mwalimu, rudi nayo."

"Unanirudishia malewa?"

"Nakurudishia."

"Mimi niliyekuonyesha farasi anavyoruka?"

"Ungekuwa mwingine ningecheka," Nandutu alisema. "Ni wewe, ndiyo maana nataka kutapika."

Mwalimu alifuta vidole kwenye suruali, akaondoka bila kuaga. Hasifa alizimwaga karanga zilizobaki kwa kuku, akalisugua bakuli kwa majivu, akalisugua tena.

Jumatatu, mchana, Mastula akamwita. "Mama Nuriat, njoo uonje. Leo nimepika cha watu wa Mbale."

Hasifa alitia tonge mdomoni. Karanga zilizosagwa, chumvi, halafu nyuma yake ikaja harufu ya moshi. Mastula ni Msoga wa hapahapa Jinja, hajawahi kununua malewa maishani mwake.

"Umeyapata wapi?"

"Kwa mwalimu mmoja, mtu wa heshima zake. Alipita hapa Jumamosi. Jamani, kaniambia mambo. Anasema aliyekuwa mwanafunzi wake hachezi mwenyewe, anachezewa na mtu, tena kwa mashine. Anasema kwa uchungu, machozi yako hapa."

Tonge liligeuka mdomoni mwa Hasifa kama tambara lililofutia sakafu. "Mastula, mimi nilikuwapo. Ni yeye aliyeomba hivyo. Afande amemkatalia."

"Sasa unamtetea?" Mastula alicheka, mwiko mkononi. "Si wewe uliyesema labda? Nilimwambia mume wangu, hata Mama Nuriat, mwenye ukuta mmoja naye, anasema labda. Naye kawaambia wale wa kantini ya gereza, anakokunywa chai. Limeshafika kwa wakubwa, mama, usijisumbue."

Hasifa alitoka na mtoto mkononi, akaenda nyuma ya vyoo, akatema. Alisukutua kinywa mara tatu kwa maji ya bomba. Moshi ulitoka. Ile "labda" haikutoka, na alijua kwamba hilo tonge la pili halikupikwa na Mastula. Mastula alikula alichohongwa. Yeye Hasifa alitoa neno lake bure, apate kukaribishwa vizuri penye kikaango.

Jumatano Nandutu alirudi mapema. Viatu vilikuwa na vumbi. Hakugeuza ndoo. Alikuja akaketi kizingitini kwa Hasifa, kitu ambacho hajawahi kufanya akiwa na sare.

"Wamenitoa kwenye timu ya chesi ya magereza," alisema. "Timu inasafiri mwezi ujao, na jina langu limefutwa kwa kalamu nyekundu. Afande wa michezo kanipa njia moja. Jumamosi saa nane mchana nicheze michezo minne mtandaoni, hapahapa nyumbani, mbele ya shahidi. Asiwe askari, asiwe mtu wa chesi. Aandike alichokiona."

Nuriat alikuwa ameshika kifungo cha sare akikivuta. Nandutu alimwachia.

"Wameniambia hata jirani yangu anasema labda," alisema. "Hawakutaja jina."

"Ni mimi," Hasifa alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Nilisema kabla sijakuuliza. Halafu nikajua, na nikanyamaza. Najichukia, Afande. Hata mate yangu nayaonea kinyaa."

"Najua ni wewe. Ukuta huu ni mwembamba."

 Upande wa pili kikaango cha Mastula kikawa kinatatarika, na harufu ya mafuta ya juzi ikapita mbele yao.

"Nikimleta rafiki," Nandutu alisema, "watasema rafiki. Nikimleta Mastula, ataona anachotaka kuona. Wewe ulisema labda, na wote wanajua. Kwa hiyo ninakuomba. Jumamosi mfunge Nuriat mgongoni, uketi nyuma yangu. Tazama mikono yangu, tazama simu, tazama mlango. Ukiona kitu kibaya, kiandike. Usipoona, andika kwamba hukuona. Andika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wako wa darasa la sita. Mimi sitagusa karatasi. Usinihurumie, usinilipe fadhila ya ile siku ya boda. Niandikie ulichokiona tu. Utakaa?"