Waya Uliopita Chini ya Kiti cha Bibi

Fundi amepiga magoti sebuleni, kidole kikifuata waya wa mtandao ukutani kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka. Kompyuta hajaigusa. Wenye nyumba wanatazamana.

"Mimi huanza na njia," anasema mama huyu, ambaye wateja wamembandika jina la Fundi Polepole. "Mzigo ukichelewa, usimlaumu punda kabla hujaiona barabara."

Nyumba ni ya mume na mke wanaotengeneza masomo ya video kwa watoto viziwi. Mume hurekodi katika chumba cha nyuma, mke huhariri sebuleni, na faili hupita kwenye waya kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Siku hizi zinajikokota. Somo lililokuwa likihama kwa dakika chache sasa linakula saa nzima. Wamebadilisha ruta, wamefuta programu, wapi.

Wameshaamua kuhamishia kazi kwenye ofisi ya kupanga. Kinachowauma ni bibi, mama mzazi wa mume, anayeishi nao. Atashinda peke yake mchana kutwa, na magoti yake si ya kuaminika tena. Mwenyewe anasema waende tu, atazoea. Amelisema hilo mara nyingi mno.

Fundi Polepole alikuwa mshonaji wa kiwanda cha nguo mpaka kilipofungwa, kaka yake akamfundisha kazi ya mitandao. Wiki njema hupata nyumba nne au tano, nyingine patupu. Bado wapo wanaomfungulia mlango na kumuuliza fundi yuko wapi. "Nawaambia anakuja, halafu naingia," anasema akicheka.

Anaanza kuhamisha faili. Inatambaa. Bibi anainuka kwenye kiti chake cha mbao, kando ya meza ya mkwewe, kwenda kumletea mgeni maji. Mara faili inashika mbio. Bibi anarudi, anaketi, mwendo unakufa.

Fundi anatazama skrini, anatazama kiti, kisha anamwomba bibi asimame, naye mwenyewe anakunja zulia lililo chini ya kiti. Waya umepita chini ya mguu wa kiti, umebonyea bapa. Bibi ndiye aliyeuficha hapo, mkwewe asije akajikwaa.

Ndani ya waya mna nyuzi nane, anaeleza fundi. Mmoja umekatika: bibi akiketi, ncha zake huachana; akiinuka, hugusana tena. Ukiachana huo mmoja tu, kompyuta huridhika na nne na kazi huendelea kwa kuchechemea, ndiyo maana hakuna aliyeushuku waya.

Bibi anautazama waya. "Kumbe ni mimi ninayewafukuza," anasema.

"Mama, hakuna anayekwenda popote," mkwewe anamjibu.

Fundi anapitisha waya mpya juu ya mlango, mbali na miguu ya watu na ya viti. Faili inaanza kukimbia. Bibi amesimama tu, anaogopa kukaa.

"Keti, mama," fundi anamwambia. "Keti kwa raha zako."

Bibi anaketi nusunusu, halafu anaegemea. Faili haipunguzi mwendo. Nyumba nzima inacheka, na bibi ndiye wa mwisho kunyamaza.

Akifunga begi, fundi anasimulia kuwa amekuwa akitafuta kibanda cha kufungulia karakana sokoni. Leo amebadili nia. Kwa mama yake kuna chumba cha mbele kisicho na mtu.

"Naye anashinda peke yake," anasema. "Ana kiti chake pale, nisingependa akihamishe. Nyaya nitazipitisha juu."