Futi Moja Inatosha

Magoti ya fundi vigae huyu yalizeeka kabla yake. Kichwani hakuwa na mvi hata moja, lakini kila alipoinuka kutoka sakafuni magoti yalilia kama mlango wa ghala, na wenzake wakaitikia, "Karibu ndani." Ndiyo maana aliutaka usimamizi. Msimamizi hutembea wima, mikono nyuma, akikohoa pale asipopendezwa. Ila kuupata ilibidi kwanza ufaulu mtihani wa kampuni.

Mara ya kwanza aliufeli kwa bidii. Kazini walimwita Mpaka Mwisho, kwa kuwa hakujua kuacha kitu katikati, hata hadithi iliyokwisha kuwachosha wasikilizaji. Na mtihani ule ulikuwa na maswali ya ajabu, yasiyotaka jibu. Kiliulizwa, kwa mfano, kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote mbili bila baki. Kisha unapewa taarifa, nawe useme tu kama inatosha kulipata jibu. Taarifa ilisema namba moja ni kumi na mbili. Mtu mwingine angeandika "haitoshi" akasonga mbele. Yeye akaijaribu kumi na mbili na nane, akapata nne, akaijaribu na tisa, akapata tatu, akaendelea. Muda ulipokwisha alikuwa bado kwenye swali la kwanza, ameomba karatasi ya ziada mara mbili.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "umeulizwa kama sukari inatosha, wewe umeshakunywa chai."

Mkewe alikuwa mshona mapazia, na hesabu aliipenda tangu shule. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alishakauka siku nyingi, lakini mama huyo alimkunja hivyo hivyo.

"Wanakuja wageni, ndugu zangu. Vikombe vitatosha?"

"Wako wangapi?"

"Sijasema."

"Basi haitoshi."

"Haya, nyamaza hapo hapo. Usiende kuhesabu vikombe."

Alikuwa ameshafika kabatini.

Siku nyingine akamuuliza kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili kamili zinazopishana kwa moja, bila kuzitaja. Fundi akakuna kichwa.

"Kinachozigawa zote mbili lazima kiigawe na tofauti yake," mkewe akasema. "Tofauti ni moja. Moja inagawanywa na nini?"

"Na moja tu."

"Basi namba zenyewe ni zipi?"

"Sihitaji kuzijua," fundi akasema polepole, kama mtu aliyeambiwa anaweza kuoga bila maji.

Tangu hapo akalewa neno "inatosha". Jirani alipoanza kumsimulia mgongo wake, fundi aliinua mkono: "Inatosha." Kinyozi alimuuliza anyoe vipi, akajibiwa inatosha kabla ya kumaliza, na fundi akarudi nyumbani na kichwa cha mtoto mchanga.

Siku chache kabla ya mtihani, mama mkwe akapiga simu. Alitaka sebule yake iwekwe vigae vya mraba, vikubwa kadiri inavyowezekana, na visikatwe hata kimoja, maana vipande vilimkumbusha meno ya marehemu mumewe.

"Vipimo ni futi kamili, baba," alisema. "Urefu umezidi upana kwa futi moja. Sasa huo upana..."

"Inatosha, mama."

"Sijamaliza."

"Inatosha kabisa, mama. Shikamoo." Akakata simu, akaenda dukani kifua mbele.

"Nipe vigae vya futi moja kwa futi moja."

"Vingapi?" akauliza muuzaji.

Fundi akamtazama. Muuzaji naye akamtazama, na wanunuzi wawili nyuma yake wakajiunga. Ikabidi apige simu.

"Mama, samahani, huo upana ni futi ngapi?"

"Si ulisema inatosha?"

"Ilitosha kwa ukubwa wa kigae, mama. Idadi ndiyo bado."

"Kumbe kuna swali la pili. Mimi nimeshakaa, na tepu iko chini ya kitanda. Njoo upime mwenyewe."

Akaenda, akapima kwa magoti, mama mkwe akimwelekeza kutoka kitini kama msimamizi, mpaka na kukohoa.

Chumba cha mtihani kilikuwa kimya. Fundi alikwenda vizuri, inatosha, haitoshi, mpaka akakutana na sebule. Urefu unazidi upana kwa futi moja, vigae ni vya mraba, vikubwa kadiri inavyowezekana, na havikatwi. Kalamu ikamwasha. Alikuwa ameshaanza kuweka alama kwenye "inatosha" aliposoma swali lenyewe: vitahitajika vigae vingapi?

Akamwona muuzaji akimtazama. Akafuta, akaweka "haitoshi".

Matokeo yalibandikwa ukutani wiki iliyofuata. Akampigia mama mkwe, ambaye sebule yake ilikuwa bado nusu.

"Nimefaulu, mama. Sasa ni msimamizi."

"Hongera, baba. Alama ngapi?"

Alipoona tu jina lake upande wa waliofaulu, aliondoka papo hapo.

"Sikutazama, mama. Niliona inatosha."

"Na sebule yangu?"

"Haitoshi, mama. Nakuja."

"Uje na magoti yako," akasema mama mkwe, akakata simu.